Kasoro Iliyokaa Miaka 25

Leo nazungumzia kasoro moja ya kompyuta iliyokaa miaka 25 mahali ambapo yeyote angeweza kuisoma.

Mwaka 1989 Brian Fox, akifanya kazi katika mradi wa GNU huko Marekani, alitoa programu iitwayo Bash. Kazi yake ni kupokea amri zinazoandikwa kwa herufi na kuzitekeleza. Baadaye ilitunzwa na Chet Ramey, kwa kujitolea, kando ya ajira yake. Ikaenea bure katika mashine za Linux na za Apple.

Sasa sikilizeni. Programu moja inapoiamsha nyingine huikabidhi maelezo mafupi: jina la mtumiaji, lugha yake, na kadhalika. Bash ilikuwa ikiyapekua maelezo hayo. Ikikuta yanaanza na alama fulani za mabano, iliyahesabu kuwa ni maagizo ya kuwekwa akiba. Ilipaswa kusoma mpaka mabano ya mwisho, ikome. Haikukoma. Kilichofuata ikakitekeleza papo hapo, mfano wa tarishi anayefungua barua aliyotumwa kupeleka na kuanza kutimiza yaliyomo.

Mwanzoni hatari ilikuwa ndogo, maana maelezo yale kwa kawaida yalitoka kwa mtumiaji mwenyewe. Lakini kuanzia 1993 kompyuta za tovuti zilianza kupokea maneno ya mgeni yeyote na kuyapitisha kwa njia ileile. Basi mgeni wa mbali akaweza kutoa amri ndani ya nyumba ya watu.

Stéphane Chazelas aliigundua Septemba 2014, akaarifu kimyakimya. Ilitangazwa tarehe 24, ikaitwa Shellshock, ikapewa alama 10 kati ya 10 kwa ubaya. Wavamizi walianza kuitumia upesi. Na dawa ya kwanza haikutosha: Tavis Ormandy alionyesha tundu jingine mara moja.

Wako waliomlaumu Fox. Mimi siwaungi mkono, kwani alipoandika, tovuti hazikuwepo. Nayashangaa zaidi makampuni yaliyojenga biashara juu ya kazi hii ya bure, huku utunzaji wake ukimwelemea mtu mmoja.

Siku hizi Bash haipekui kila maelezo. Husoma yale tu ambayo jina lake lina alama maalumu mwanzoni na mwishoni, na mengine huyaacha kama yalivyo.