Namba 23: Kitasa cha Jangwani Kisichowahi Kuhamia Msimbazi

Kutoka makao makuu ya Simba, Mtaa wa Msimbazi, hadi kona ya Twiga na Jangwani lilipo jengo la Yanga ni mwendo wa mguu tu. Unapita maduka ya vitambaa, wauza chaji, jamaa wa jezi za kumwaga chini, umefika. Lakini mchezaji akivuka hako kaumbali, Kariakoo nzima hailali. Wapo waliovuka, wakarudi, kisha wakavuka tena kama wanaenda dukani. Nadir Haroub Ali, ambaye mji mzima unamjua kwa jina la Cannavaro, hakuvuka.

Huyu ni mtoto wa Zanzibar, mzaliwa wa mwaka 1982. Jina alilobandikwa ni la Fabio Cannavaro, beki aliyeinua Kombe la Dunia akiwa nahodha wa Italia mwaka 2006 na mwaka huohuo akabeba Ballon d'Or, tuzo ambayo mabeki wengi wanaiona kwenye tivii tu. Bongo ukipewa jina kama hilo ni mzigo. Ukiteleza siku moja tu, watu wanauliza, "Cannavaro gani huyu?"

Jamaa aliubeba mzigo huo Jangwani kwa zaidi ya miaka kumi. Ndani ya muda huo makocha walikuja na kuondoka, viongozi waligombana, na mastaa walishangiliwa airport halafu wakaondoka kimyakimya. Mwaka 2009 na yeye alitoka kidogo, akaenda Canada kwa mkopo kwenye timu ya Vancouver Whitecaps. Akarudi kulekule Jangwani.

Sasa hapa ndo pa kuelewana kuhusu kazi ya beki. Straika akikosa nafasi tano akafunga ya sita, kesho yake anaimbwa. Beki akiokoa ishirini, akaacha moja, hiyo moja ndo inakaa kwenye simu za watu. Muulize shabiki wa Simba kuhusu tarehe 20 Oktoba 2013, atacheka kabla hujamaliza swali. Yanga walienda mapumziko wakiongoza 3-0, bao la Mrisho Ngassa na mawili ya Hamis Kiiza. Watu wa Msimbazi wengine walishaanza kutafuta daladala. Kipindi cha pili zikarudi zote tatu, ikaisha 3-3. Na kinachouma zaidi, mawili kati ya hayo matatu yalifungwa na mabeki, Joseph Owino wa Uganda na Gilbert Kaze wa Burundi. Nahodha wa ulinzi ule uliovuja alikuwa Cannavaro. Miezi mitano tu nyuma, tarehe 18 Mei, ulinzi wake ulikuwa umemaliza dakika 90 bila kuruhusu bao na Yanga ikampiga Simba huyohuyo 2-0, msimu ambao waliuchukua ubingwa. Hiyo ya 2-0 nani anaiongelea? Wachache sana.

Pembeni yake mara nyingi alikuwepo Kelvin Yondani, na hapa stori inanoga, kwa sababu Yondani ndo alivuka. Mwaka 2012 alitoka Simba akaenda Yanga, Msimbazi wakapiga kelele kwamba bado ni mchezaji wao, ikawa kesi. Mwisho akabaki Jangwani hadi 2020. Mmoja hakuwahi kuhama, mwingine alihama kwa watani, halafu wakalinda lango moja kama ndugu. Kitasa kimoja, funguo mbili.

Halafu ikaja siku ambayo hata watu wasiomjua beki yeyote wanaikumbuka. Jumamosi, tarehe 1 Machi 2014, Al Ahly ya Misri ilikuja Uwanja wa Taifa, ule ambao leo unaitwa Benjamin Mkapa. Al Ahly walikuwa mabingwa wa Afrika, wametoka kubeba kombe 2012 na 2013 mfululizo. Yanga na Waarabu ilikuwa historia ya maumivu: 2009 Al Ahly hao hao waliwapiga nyumbani na ugenini, 2012 Zamalek wakawatoa. Kwa hiyo watu walienda uwanjani roho mkononi.

Dakika zikayoyoma, 0-0. Dakika ya 82, Simon Msuva akapiga kona. Aliyepanda juu hakuwa Kiiza, hakuwa Ngassa. Alikuwa beki wa kati mwenye namba 23 mgongoni. Kichwa, wavuni, 1-0. Taifa ikalipuka.

Wiki iliyofuata huko Alexandria Al Ahly nao wakashinda 1-0, zikapigwa penalti, Yanga wakatolewa 4-3. Hiyo ndo bahati ya beki, hata bao lake kubwa kuliko yote halikuipeleka timu raundi nyingine.

Timu ya taifa nayo ilikuwa na lake. Cannavaro alivaa jezi mbili, ya Taifa Stars na ya Zanzibar Heroes. Kwenye Kombe la Chalenji ndugu hugeuka wapinzani, na Desemba 2012 kule Kampala Zanzibar waliitoa Bara kwa penalti, wakachukua nafasi ya tatu. Baada ya hapo unarudi Dar, mnavaa tena jezi moja.

Kitambaa cha unahodha wa Stars kilikuja kuwa chake. Januari 2016 Mbwana Samatta, mtoto wa Mbagala, akashinda tuzo ya Mchezaji Bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara, Mtanzania wa kwanza kufanya hivyo. Muda si mrefu kocha Charles Boniface Mkwasa akamkabidhi Samatta kitambaa. Cannavaro akatangaza kuachana na timu ya taifa. Hakuwa na tatizo na Samatta. Kilichomuuma ni namna kitambaa kilivyohama.

Waliosema anasusa walikosea. Samatta alistahili, hilo halina ubishi, na kocha ana haki ya kumchagua nahodha wake. Ila mtu aliyepigwa viwiko miaka yote hiyo kwa ajili ya bendera anaitwa pembeni, anakalishwa, anaambiwa yeye kwanza. Hata fundi cherehani wa Mtaa wa Kongo akiletewa kijana mpya dukani, bosi humwambia mapema.

Yanga wakaendelea naye, ubingwa wa 2016 na wa 2017 ukapita Jangwani. Tarehe 12 Agosti 2018, akiwa na miaka 36, wakamuaga. Sio Taifa, mbele ya watu elfu sitini. Ilikuwa Uwanja wa Jamhuri, Morogoro, mechi ya kirafiki na timu inayoitwa Mawenzi Market. Mtu wa Kariakoo akaagwa kwa kucheza na timu yenye jina la soko, mji mwingine kabisa.

Msimu ulipoanza alikuwa kwenye benchi la Yanga, meneja wa timu, akiangalia wengine wakiruka kona.