Marekani: Swali la fomu ya kazi na adhabu isiyokwisha

Kwa miaka mingi, aliyekwenda kuomba kazi nchini Marekani alikabidhiwa fomu yenye swali fupi: je, umewahi kutiwa hatiani kwa kosa la jinai? Kando ya swali hilo palikuwa na kisanduku cha kutia alama. Kwa watu waliokwisha kutumikia vifungo vyao, kisanduku hicho kiligeuka kuwa adhabu ya pili, ambayo hakimu hakuitamka na ambayo haikuwa na tarehe ya mwisho.

Kesi ya mwomba ukarani

Miongoni mwa waliolipeleka suala hilo mahakamani alikuwa Buck Green, Mmarekani mweusi wa mjini St. Louis. Mwaka 1967 Green alitiwa hatiani kwa kukataa kuingizwa jeshini, akakaa gerezani miezi 21. Alipotoka mwaka 1970 aliomba kazi ya ukarani katika kampuni ya reli ya Missouri Pacific, akakataliwa. Tangu mwaka 1948 kampuni hiyo ilikuwa na kanuni ya kutomwajiri mtu yeyote aliyewahi kutiwa hatiani, isipokuwa kwa makosa madogo ya barabarani.

Kwa maandishi, kanuni hiyo haikubagua rangi. Hesabu zilizofikishwa mahakamani zilionyesha vingine: iliwazuia waombaji weusi 53 katika kila 1,000, na weupe 22 tu. Mwaka 1975 mahakama ya rufaa iliamua kwamba marufuku ya jumla namna hiyo ilivunja sheria ya haki za kiraia ya mwaka 1964, kwani kampuni haikuweza kuthibitisha kuwa kazi zake zilihitaji sharti hilo. Miaka miwili baadaye mahakama hiyo ilikubali vigezo vitatu vya kupimia: uzito wa kosa, muda uliopita, na aina ya kazi inayoombwa.

Utafiti wa Milwaukee

Hata hivyo, swali lenyewe lilibaki kwenye fomu. Wakati huo huo idadi ya watu walioko magerezani na mahabusu nchini humo ilipanda kutoka takriban laki tano mwaka 1980 hadi zaidi ya milioni mbili mwaka 2002.

Mwaka 2001 mwanasosholojia Devah Pager aliwatuma vijana wanne, wawili weupe na wawili weusi, kwa waajiri 350 wa Milwaukee. Elimu na uzoefu waliodai kuwa nao vililingana. Katika kila jozi mmoja alijieleza kuwa alifungwa miezi 18 kwa kosa la dawa za kulevya, na walipokezana nafasi hiyo. Mzungu asiye na rekodi aliitwa tena na asilimia 34 ya waajiri, na mzungu mwenye rekodi asilimia 17. Mweusi asiye na rekodi aliitwa na asilimia 14, na mwenye rekodi asilimia 5. Kwa maneno mengine, mweusi aliyejieleza kuwa hajawahi kufungwa alipata nafasi chache kuliko mzungu aliyedai kutoka gerezani.

Kampeni ya kuliondoa swali

Hawaii ndiyo iliyotangulia: mwaka 1998 iliwakataza waajiri kuuliza habari hizo kabla ya kuahidi kazi. Huko California, chama kilichoundwa na wafungwa wa zamani kilianzisha kampeni mwaka 2004 ya kutaka kisanduku kifutwe, na serikali ya mji wa San Francisco ikaitikia mwaka 2006. Majimbo zaidi ya 30 yalifuata kwa viwango tofauti. Mwezi Disemba mwaka 2019 Rais Donald Trump alitia saini sheria inayozibana idara za serikali kuu na makampuni yenye mikataba nayo, na ikaanza kutumika mwaka 2021.

Lakini ushindi huo ulikuwa na kasoro. Watafiti Amanda Agan na Sonja Starr walipeleka takriban maombi 15,000 ya kubuni kwa waajiri wa New Jersey na mji wa New York, kabla na baada ya swali kuondolewa. Katika matokeo yao ya mwaka 2018, miongoni mwa waajiri waliolazimika kuliondoa, pengo la kuitwa kati ya waombaji wenye majina ya kizungu na wenye majina ya watu weusi lilipanda kutoka asilimia 7 hadi 43. Mwajiri aliyenyimwa jibu alianza kukisia, na kisio lake lilifuata rangi.

Ndiyo maana mjadala umehamia kwenye rekodi zenyewe. Mwaka 2018 Pennsylvania ilikuwa jimbo la kwanza kupitisha sheria ambayo wakati huo ilifunga kumbukumbu za baadhi ya makosa madogo bila mhusika kwenda mahakamani, iwapo alitimiza miaka 10 bila kutiwa hatiani tena. Wakati huo makosa mazito hayakuguswa, na kwa waliohukumiwa kwayo, kuchelewesha swali kulibaki kuwa sehemu kubwa ya kinga waliyokuwa nayo.