Ahadi Iliyoingia Ndani ya Aina

Mwaka 1967, katika mihadhara yake ya Copenhagen, Mwingereza Christopher Strachey alitenganisha mambo mawili ya lugha za kompyuta. Kuna funksheni inayofanya kazi ileile kwa data ya aina yoyote, kama ile ya kupima urefu wa orodha; na kuna alama moja yenye kazi tofauti kulingana na aina, kama alama ya kujumlisha, ambayo kwa namba kamili hupita njia moja na kwa desimali njia nyingine. Jambo la kwanza lilipata nadharia imara: Roger Hindley mwaka 1969, kisha Robin Milner mwaka 1978, walionyesha jinsi mashine inavyoweza kung'amua aina bila kuandikiwa. La pili lilibaki yatima. Lugha ya Standard ML ilibuni viraka, kimojawapo kikiwa alama maalumu ya aina zinazolinganishika. Lugha ya Miranda iliruhusu kulinganisha chochote, na aliyelinganisha funksheni mbili aligundua kosa programu ikiwa tayari inaendeshwa.

Kamati ya lugha ya Haskell, iliyoanza safari yake Portland, Oregon, mwaka 1987, ililikuta tatizo hilo mezani. Philip Wadler alituma pendekezo kwa wenzake Februari 1988, na mwaka uliofuata akalichapisha pamoja na Stephen Blott. Kuipa alama moja maana nyingi hakukuwa kugeni. Ubunifu wao, naamini, ulikuwa kuitia ahadi ndani ya aina yenyewe. Funksheni ya kutafuta kitu katika orodha iliandikwa Eq a => a -> [a] -> Bool: aina a iwe yoyote, mradi ina usawa. Mtu akitafuta ndani ya orodha ya orodha za namba, kompaila hujua namba zinalinganishwaje, hujua pia kanuni kwamba vitu vikilinganishika basi orodha zake hulinganishika, na kwa hayo mawili huunda kamusi ya usawa, yaani jedwali la jinsi ya kulinganisha, na kuikabidhi funksheni kimyakimya. Msemaji wa Kiswahili ana njia ya karibu ya kulielewa hili: shina -zuri ni moja, lakini ngeli ya nomino ndiyo inayotupa kiti kizuri na mti mzuri, wala hakuna anayesimama kuchagua kiambishi. Ndiyo maana makundi ya aina zenye ahadi moja, kama Eq, nayaita ngeli za aina, ingawa ngeli zetu tumezirithi, na za Haskell mwandishi wa programu anaweza kujiundia.

Wapo wanaosema huku ni kupitisha kamusi tu, na afadhali mwandishi aipitishe kwa mkono wake. Tena sharti la aina moja kuwa na tamko moja tu kwa kila ngeli, yaani maelezo ya jinsi inavyoitimiza ahadi, linabana, kwani namba zaweza kupangwa kwa kupanda au kwa kushuka. Mbano huo ni kweli, na dawa yake, kuivika namba jina jipya la aina, inachosha. Lakini tazama seti iliyohifadhiwa kama mti uliopangwa. Ikijengwa kwa mpangilio wa kupanda na mwingine akaitafutia kwa wa kushuka, namba 7 imo na jibu laweza kuwa haimo, bila onyo lolote. Kamusi ya mkononi inaruhusu kosa hilo. Tamko moja kwa kila aina linalizuia kabla programu haijaendeshwa. Lugha ya Rust, iliyotoa toleo lake la 1.0 mwaka 2015, iliuchukua mbano huu ikaukaza: huruhusiwi kutoa tamko pale ambapo ngeli na aina zote mbili ni za wengine.