Mafahali Wawili Katika Zizi Moja

Wahenga walisema ya kwamba mafahali wawili hawakai zizi moja. Mfugaji hana haja ya kufafanuliwa maneno hayo. Mafahali wakikutana hutifua mavumbi na kugongana vichwa, na mwishowe mmoja hukubali kushindwa akaenda zake, na zizi likatulia. Lakini katika karne ya 20 ulimwengu uliona mafahali wa namna nyingine kabisa. Hapakuwa na hata mmoja aliyeweza kumwangamiza mwenziwe pasipo yeye mwenyewe kuangamia, na zizi zima kuteketea pamoja nao. Mafahali hao walikuwa Marekani na Muungano wa Sovieti, na ugomvi wao, uliodumu zaidi ya miaka 40, huitwa Vita Baridi. Hatuwezi kuusimulia wote hapa. Yatosha tutazame siku 13 za mwezi wa Oktoba, 1962, maana katika siku hizo chache ugomvi huo ulikaribia mno kuwa moto.

Kwanza yafaa tujue chanzo chake. Hadi 1945 dola hizo mbili zilipigana bega kwa bega dhidi ya Ujerumani ya Hitler. Adui huyo alipokwisha kushindwa, urafiki nao ukapoa, kwa kuwa kila mmoja alikuwa na imani yake juu ya namna wanadamu wapaswavyo kutawaliwa. Wakomunisti wa Sovieti, ambao watu wengi waliwaita Warusi kwa jumla, walishika kwamba ardhi na viwanda viwe mali ya umma chini ya chama kimoja, ili asiwepo tajiri wa kumnyonya maskini. Wamarekani walishika kwamba kila mtu awe huru kumiliki mali, kusema atakalo, na kuwachagua watawala wake kwa kura. Kila upande ulijiona ndio mtetezi wa haki, na kila upande ulikuwa na doa lake. Urusi ilikuwa imewafunga watu wengi mno katika kambi za kazi ngumu kwa sababu ya mawazo yao tu. Na huko Marekani, katika majimbo ya kusini, watu weusi wengi walikuwa bado wananyimwa ile kura iliyosifiwa.

Ugomvi wa maneno haungeitisha dunia hivyo kama si silaha mpya. Tarehe 6 Agosti, 1945, ndege moja ya Marekani iliangusha bomu moja la atomiki juu ya mji wa Hiroshima, nchini Japani, na kabla ya mwaka kwisha watu wapatao 140,000 walikuwa wamekufa. Kwa miaka minne Marekani ilikuwa peke yake na silaha hiyo. Kisha, mwezi wa Agosti, 1949, Warusi nao wakalipua ya kwao. Tangu hapo mashindano hayakupumzika. Mwezi wa Oktoba, 1961, Warusi walijaribu bomu moja lililokuwa na nguvu zaidi ya mara 3,000 kuliko lile la Hiroshima. Mwaka huohuo ukuta ulijengwa katikati ya mji wa Berlin, ukawatenga ndugu na ndugu.

Kila dola ilitafuta marafiki duniani kote, na hata huku kwetu. Kenya ilikuwa ingali chini ya Waingereza, nayo ikijiandaa kwa uhuru. Tangu 1959 vijana wengi walisafirishwa kwenda kusoma Marekani kwa juhudi za Tom Mboya, na wengine walikwenda katika nchi za kikomunisti kwa msaada wa Oginga Odinga. Basi mambo ya mwezi huo wa Oktoba hayakuwa ya Wazungu peke yao. Walikuwako wana wa Kenya katika nchi zote mbili.

Kuba ni kisiwa kilicho umbali wa maili 90 hivi kutoka pwani ya Florida. Mwezi wa Januari, 1959, Fidel Castro na wafuasi wake walimpindua Batista, mtawala aliyekuwa rafiki wa Marekani, kisha wakaanza kutaifisha mashamba na viwanda vya Wamarekani. Mwezi wa Aprili, 1961, Wakuba wapatao 1,400 waliokuwa wamekimbilia ng'ambo, waliofundishwa na idara ya ujasusi ya Marekani, walitua katika Ghuba ya Nguruwe ili wamwondoe Castro. Walishindwa katika muda wa siku tatu. Castro akajua ya kuwa watarudi, akazidi kuwaegemea Warusi.

Nikita Khrushchev, kiongozi wa Sovieti, aliona hapo nafasi ya kuua ndege wawili kwa jiwe moja. Angemlinda rafiki yake Castro, na papo hapo angepunguza pengo kati ya nguvu zake na nguvu za Marekani, iliyokuwa imemzidi kwa makombora ya masafa marefu. Tena alichukizwa na makombora ya Marekani yaliyowekwa Uturuki, karibu na mpaka wake. Akaamua kuwaonjesha Wamarekani kikombe hichohicho. Kwa siri, meli za Sovieti zikapeleka Kuba askari zaidi ya 40,000 pamoja na makombora ya nyuklia ambayo yangeweza kuifikia Washington.

Siri hiyo ilifichuka. Tarehe 14 Oktoba, 1962, ndege ya upelelezi ya Marekani ilipita juu sana ya Kuba ikapiga picha, na asubuhi ya tarehe 16 Rais John F. Kennedy alionyeshwa picha hizo. Akawakusanya washauri wake. Majenerali wengi walisema yafaa kushambulia mara moja kwa ndege, kisha kukivamia kisiwa. Rais alisita. Alikuwa amesoma kitabu cha mwandishi Barbara Tuchman juu ya mwanzo wa vita vya 1914, kilichoonyesha jinsi mataifa ya Ulaya yalivyotumbukia vitani, kila moja likikosea kukisia nia ya mwenziwe. Hakutaka kizazi kijacho kiandike kitabu kama hicho juu yake. Wanafunzi waulizao faida ya kusoma historia na walikumbuke jambo hili.

Baada ya siku kadhaa za mashauri alichagua njia ya kati. Tarehe 22 Oktoba aliwatangazia watu wake hatari iliyokuwako, akasema kwamba manowari za Marekani zitazizuia meli zote zichukuazo silaha kwenda Kuba. Hakuuita mpango huo kizuizi cha vita, maana kwa sheria za mataifa kumzingira mtu baharini ni kuanzisha vita. Aliuita karantini. Faida ya njia hiyo ilikuwa moja kubwa: ilimpa mpinzani muda wa kufikiri. Na kweli, tarehe 24 meli nyingi za Sovieti zilisimama au zikageuka. Lakini makombora yaliyokwisha kufika yalibaki, na kazi ya kuyaweka tayari iliendelea usiku na mchana.

Tarehe 26 Khrushchev alimwandikia Kennedy barua ndefu. Aliufananisha ugomvi wao na kamba yenye fundo katikati. Wawili wakiivuta, huku na huku, fundo huzidi kukaza, hata mwisho hata yule aliyelifunga hana nguvu za kulifungua, ikabidi likatwe. Na kulikata maana yake ni vita. Akadokeza ya kwamba, kama Marekani ingeahidi kutoivamia Kuba, hapangekuwa na haja ya silaha zake kukaa huko. Siku iliyofuata ikaja barua ya pili, kali zaidi, ikidai pia kwamba makombora ya Marekani yaondolewe Uturuki.

Siku hiyo, Jumamosi tarehe 27 Oktoba, ndiyo iliyokuwa ya hatari kuliko zote, na hatari yenyewe haikutoka katika nia ya wakubwa. Asubuhi, maofisa wa Sovieti walioko Kuba waliitungua ndege ya upelelezi ya Marekani, na rubani wake, Meja Rudolf Anderson, akafa. Moscow haikuwa imetoa amri hiyo. Siku iyo hiyo ndege nyingine ya Marekani, iliyokuwa ikifanya kazi upande wa kaskazini, ilipotea njia ikaingia katika anga ya Urusi. Ndege za kivita za Sovieti zikaruka kuifuata. Bahati njema ilitoka salama.

La tatu halikujulikana kwa watu wengi ila baada ya miaka mingi. Karibu na Kuba manowari za Marekani zilikuwa zikiisaka nyambizi moja ya Sovieti, iitwayo B-59, zikiangusha baruti ndogo majini ili kuilazimisha iibuke. Wamarekani hawakujua kwamba nyambizi hiyo ilichukua topido moja ya nyuklia. Ndani yake joto lilikuwa kali mno, hewa ilikuwa nzito, betri zilikuwa zinakwisha, tena mabaharia hawakuwa na habari kutoka kwao. Wasimuliao mkasa huo husema kwamba nahodha alidhani vita vimekwisha kuanza, akataka topido hiyo itayarishwe. Afisa mwenziwe, Vasili Arkhipov, alimtuliza. Nyambizi ikaibuka juu ya maji, nayo topido haikupigwa.

Tazama basi, msomaji, jinsi mambo yalivyokuwa. Mabwana wawili wenye nguvu kuliko wote duniani walikuwa kila mmoja hataki vita, na hata hivyo vita vilikuwa vikiwanyemelea kwa mikono ya watu wasiowajua: mpigaji mzinga kisiwani, rubani aliyepotea, nahodha aliyechoka. Aliyeshika amri siye kila mara aliyeshika silaha.

Kennedy alipopata habari za kifo cha Meja Anderson, alishauriwa kulipiza kisasi. Akakataa kwa wakati ule. Badala yake, usiku huo alimtuma ndugu yake Robert, aliyekuwa Mwanasheria Mkuu, aonane na balozi wa Sovieti, Anatoly Dobrynin. Robert alimwambia kwamba Marekani itaahidi kutoivamia Kuba iwapo makombora yataondolewa. Ama yale ya Uturuki, nayo yataondoka baada ya miezi michache, walakini jambo hilo libaki siri. Siku hizo ubalozi haukuwa na njia ya haraka ya kuzungumza na Moscow. Dobrynin mwenyewe alieleza baadaye kwamba ujumbe wake wa maandishi ya fumbo ulichukuliwa na tarishi wa kampuni ya simu aliyekuja kwa baiskeli, naye balozi aliomba tu kwamba kijana huyo asichelewe njiani. Maisha ya mamilioni ya watu yalitegemea habari iliyosafiri kwa mwendo wa baiskeli!

Asubuhi ya Jumapili, tarehe 28 Oktoba, Redio Moscow ilitangaza ya kwamba makombora yatafunguliwa na kurudishwa. Fundo likalegea. Kufikia mwezi wa Aprili, 1963, yale ya Uturuki nayo yalikuwa yamekwisha kuondolewa, pasipo kelele.

Je, nani alishinda? Wakati huo wengi walisema Kennedy, kwa sababu hawakuijua ile ahadi ya siri. Lakini ukweli ni kwamba kila mmoja alimwachia mwenziwe mlango wa kutokea bila ya kuaibika. Wala tusimsahau Castro, ambaye kisiwa chake ndicho kilichokuwa uwanja wa mapambano. Yeye hakushauriwa hata kidogo, na alipopata habari ya mapatano hayo alikasirika sana. Wapiganapo tembo nyasi huumia, na wapatanapo pia nyasi haziulizwi.

Miaka 30 baadaye, katika mkutano uliofanywa Havana mwezi wa Januari, 1992, ilibainika kwamba Warusi walikuwa pia na silaha ndogo za nyuklia Kuba, za kupigia jeshi litakalotua pwani. Robert McNamara, aliyekuwa Waziri wa Ulinzi wa Marekani mwaka ule wa 1962, alikuwapo, akashtuka. Kama ushauri wa kuvamia ungefuatwa, askari wa Marekani wangetua katikati ya moto ambao hawakujua kuwa uko.

Woga wa siku hizo ulizaa hekima kidogo. Mwaka 1963 Washington na Moscow ziliunganishwa kwa mtambo wa kupelekeana maandishi moja kwa moja, na mwezi wa Agosti mkataba ulitiwa sahihi wa kukomesha majaribio ya mabomu ya nyuklia hewani, baharini na anga za juu. Hata hivyo silaha zilizidi kuundwa. Katikati ya miaka ya 1980 dunia ilikuwa na zaidi ya 60,000, na vita vya kweli vilivyochochewa na ugomvi huo viliwaua watu wengi Vietnam, Angola na Afghanistan. Ni mwaka 1987 tu ndipo Ronald Reagan na Mikhail Gorbachev walipokubali kuharibu aina nzima ya makombora. Ukuta wa Berlin ulifunguliwa mwezi wa Novemba, 1989, na mwezi wa Desemba, 1991, Muungano wa Sovieti ukavunjika.

Lakini silaha zenyewe hazikuvunjika zote. Hata leo ziko maelfu, mikononi mwa mataifa tisa. Nchi za Afrika zilichagua njia nyingine. Kwa Mkataba wa Pelindaba, uliotiwa sahihi Cairo mwaka 1996, ziliahidi kwamba bara hili halitakuwa na silaha za nyuklia.

Twaweza kusema kwamba mwaka 1962 dunia iliokolewa na busara, lakini tukisema hivyo tu tutakuwa tumesema nusu. Iliokolewa pia na bahati, na bahati haina ahadi. Lililo katika uwezo wa mwanadamu ni busara peke yake: kumpa mpinzani muda wa kufikiri, kumwachia njia ya kurudi nyuma, na kuacha kuivuta kamba kabla fundo halijakaza. Fahali hawezi kujifunza hayo, ila mtu aweza.