Trekta halikumuua mhunzi wa Wales

Ukiuliza ni nini kilichozima moto wa wahunzi katika vijiji vya Wales, wengi watakujibu: trekta. Jibu hilo lina ukweli, lakini limechelewa karibu miaka mia. Mhunzi wa kijiji hakuwa mpigilia viatu vya farasi tu. Sheria zinazohusishwa na Hywel Dda, mfalme wa karne ya 10, humtaja mhunzi wa ikulu miongoni mwa wenye vyeo, tena humkataza mtoto wa mtu asiye huru kujifunza usomi, ushairi au uhunzi bila idhini ya bwana wake, maana aliyezifikia fani hizo alihesabiwa huru. Maandishi yaliyosalia ni ya karne ya 13 na kuendelea, lakini heshima hiyo kwa chuma haina utata: plau, mundu, bawaba na minyororo vyote vilitoka kwenye fuawe moja.

Nguvu ya mhunzi ilikuwa katika kazi za wenzake. Fundi magurudumu aliunda gurudumu la mbao, lakini halikwenda popote mpaka mhunzi apashe pete ya chuma ikatanuka, aivishe, kisha aimwagie maji ikajibana na kukaza kila kiungo. Waliokuwa wakiswaga ng'ombe kwa miguu hadi masoko ya England nao walimhitaji. Ukwato wa ng'ombe umegawanyika, hivyo kila mguu ulitaka vibati viwili, vinane kwa mnyama anayevishwa miguu yote, na makundi yalikuwa makubwa. Kisha reli ikaja. Mwaka 1863 njia ya Newtown hadi Machynlleth ilifunguliwa katikati ya vilima vya Montgomeryshire, na mwaka uliofuata garimoshi likafika Aberystwyth. Ng'ombe wakapanda mabehewa. Mabehewa hayohayo yakaleta plau za kiwandani na vipuri vyake, na aliyekuwa mtengenezaji akaanza kugeuka mrekebishaji.

Atakayepinga atasema kwamba farasi waliendelea kulima mashamba ya Wales hadi miaka ya 1940, na wahunzi hawakukosa kazi. Ni kweli, na hoja hiyo ina uzito. Lakini ndiyo inayoonyesha jinsi riziki yao ilivyokuwa imefinywa: walibaki na mteja mmoja mkuu, farasi, na trekta lilipomwondoa huyo, hapakuwa na kazi nyingine ya kuegemea. Wengine watasema tusiusifu mno ulimwengu ule, kwani ulikuwa wa moshi, mgongo uliopinda na malipo ya kungoja. Nakubali kabisa. Hasara ninayoipima hapa ni ya mtandao wa mafundi waliohitajiana, ambao hakuna hata mmoja wao aliyeweza kuurudisha peke yake.

Iorwerth Peate, mwana wa seremala wa Llanbrynmair, alilijua hilo alipoongoza uanzishwaji wa makumbusho ya St Fagans, yaliyofunguliwa 1948. Karakana ya uhunzi ya Llawr-y-glyn ilibomolewa ikajengwa upya huko, na fundi hufua chuma mbele ya wageni. Wahunzi wengine wa leo huishi kwa malango na mapambo. Kuvisha farasi viatu, kazi iliyowabeba babu zao mwishoni, kumekuwa taaluma ya peke yake: sheria ya Uingereza ya mwaka 1975 iliwataka wanaoifanya wasajiliwe.