Je, Shujaa Wako Anajua Kusoma?

Leo tuweke programu kando kidogo, tuzungumzie michezo. Sina maana ile ya kompyuta. Nasema mama yake: michezo ya mezani ya kuigiza, ambapo marafiki hukaa na karatasi, penseli na dadu, kila mmoja akiwa shujaa wa ulimwengu wa kubuni, na mwenzao mmoja akisimulia kisa na kusimamia sheria. Unaojulikana zaidi ni Dungeons & Dragons, uliotolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Mengi unayoyaona katika michezo ya kompyuta, kama pointi za uhai na kupanda viwango, yalitoka humo.

Kuna swali dogo ambalo watunzi wa sheria hizi wamelijibu kila mmoja kwa njia yake: shujaa wako akiokota barua pangoni, je, anaweza kuisoma?

Mwaka 1974 maandishi yalikuwa kama mlango uliofungwa kwa kufuli. Mchawi alihitaji uchawi maalumu wa kusoma lugha, hasa zilizo kwenye ramani za hazina, na uchawi mwingine wa kusoma magombo ya wachawi wenzake. Mwaka 1975 kikatoka kijitabu cha nyongeza kiitwacho Greyhawk, kikamleta mwizi. Mwizi huyo akifika kiwango cha 3 aliweza kusoma lugha nyingi kwa uwezekano wa asilimia 80. Kwa nini mwizi? Kwa sababu ramani za hazina ni kazi yake. Kusoma kulikuwa chombo cha kazi, kama funguo bandia.

Mwaka 1981 Tom Moldvay alihariri toleo la wanaoanza, na humo kusoma kukafungwa kwenye akili. Unarusha dadu 3 za nyuso 6, unajumlisha, hiyo ndiyo akili ya mhusika wako. Ukipata 5 au chini, hajui kusoma wala kuandika. Ukipata 6 hadi 8, anaandika maneno mepesi tu. Kuanzia 9, anasoma na kuandika vizuri. Nimepiga hesabu: kati ya matokeo 216 yanayowezekana, 10 yanampa asiyesoma kabisa, 46 anayebabaisha, na 160 msomi. Yaani karibu asilimia 74 ya mashujaa wanasoma vizuri, katika ulimwengu wa mapanga na ngome usio na shule hata moja!

Lakini idadi si tatizo langu. Tatizo ni kwamba jedwali lile limechukua vitu viwili, akili na elimu, likavihifadhi katika nambari moja. Wengi wetu tuna nyanya ambaye hajawahi kushika kalamu, lakini anakumbuka nani anadaiwa nini soko zima, na anakutajia ukoo wenu vizazi kadhaa bila kukwama. Katika jedwali lile, nyanya ni mjinga. Mwandishi yeyote wa programu atakwambia: ukichanganya data za aina mbili mahali pamoja, siku moja utapata jibu la uongo.

Wengine walizitenganisha. RuneQuest (1978) ulihesabu kusema lugha na kuisoma kama stadi mbili mbalimbali. Warhammer wa Uingereza (1986) uliufanya usomaji kuwa ustadi unaotokana na kazi yako: karani na mwanafunzi wanao, askari wa kawaida hana.

Kisha mwaka 2000 likaja toleo la 3 la Dungeons & Dragons. Kila mtu anasoma, hata mkulima wa kijijini, isipokuwa aina moja ya shujaa: yule waliyemwita "barbarian". Huyo lazima alipie alama 2 za ustadi ndipo ajue kusoma. Kwa Kiswahili neno hilo ni mshenzi, na sisi tunajua uzito wake, kwani watu wa pwani waliwaita hivyo watu wa bara. Kutojua kusoma kukawa alama ya kabila fulani la watu.

Historia inakataa. Einhard, aliyeandika maisha ya mfalme Charlemagne (aliyefariki 814), anasema mfalme huyo aliweka vibao vya kuandikia chini ya mto wake ajizoeze kila apatapo nafasi, asifanikiwe sana kwa kuwa alianza akiwa mtu mzima. Huyo ndiye aliyetawala sehemu kubwa ya Ulaya Magharibi.

Na kusoma kungeweza kuokoa shingo. Uingereza, mshtakiwa aliyethibitisha kwamba anasoma aliweza kuepuka kitanzi, akihesabiwa kama mtu wa kanisa. Mwandishi wa tamthilia Ben Jonson aliponea hapo mwaka 1598 baada ya kumuua mwigizaji, akachomwa alama kidole gumba. Mtihani wa kawaida ulikuwa mstari wa Zaburi ya 51, kwa hiyo wasiosoma waliukariri. Nywila moja kwa nchi nzima! Utaratibu huo ulifutwa mwaka 1827.

Katika toleo la 5 (2014) kila shujaa anasoma tangu mwanzo. Sababu inaeleweka. Msimamizi akikukabidhi barua mezani, wewe mchezaji umeshaisoma, na kujifanya hujaisoma kunachosha. Kwa hiyo jibu la kawaida likageuka kuwa "ndiyo", na hakuna anayeuliza tena.

Ila tumepoteza kitu. Pale ambapo wote wanasoma, karani hana siri, mjumbe hawezi kubeba barua inayoamuru auawe mwenyewe, na hakuna anayelazimika kumwamini anayemsomea. Kwa hiyo ukiwahi kusimamia mchezo kama huu, wape wote kusoma ukitaka, lakini muulize kila mchezaji swali moja kabla ya kurusha dadu: nani alimfundisha shujaa wako kusoma, na alilipwa nini?