Uzito Usiopimwa: Misuli, Dozi na Mgonjwa wa Saratani ya Matiti wa Olmotonyi

Mwanafunzi wa Chuo cha Misitu Olmotonyi, Arusha, kilichoanza mwaka 1937, hufundishwa mapema kwamba mti haupimwi kwa macho. Huzungushia shina utepe kwenye kimo cha mita 1.3, kisha hujiuliza kama ndani kuna mbao au pango. Mama wa kijiji jirani aendaye kutibiwa saratani ya matiti hachunguzwi hivyo. Hupanda mizani, hupimwa kimo, basi. Tarakimu hizo mbili hutoa eneo la mwili, na eneo hilo hutoa dozi. Nadai hapa kwamba tarakimu ya tatu, nguvu ya misuli, iingie kwenye faili kabla ya dripu ya kwanza.

Kanuni maarufu ya kukadiria eneo hilo waliitoa Delafield na Eugene Du Bois mwaka 1916, wakitumia vipimo vya watu tisa tu. Haitofautishi nyama na mafuta. Wanawake wawili wa kilo 70 na kimo kimoja watapata dozi sawa, hata kama mmoja amebeba kuni kutoka Mlima Meru maisha yake yote na wa pili misuli yake imeyeyuka chini ya mafuta. Kuyeyuka huko ndiko mtafiti Irwin Rosenberg alikokuita sakopenia mwishoni mwa miaka ya 1980. Sisi aliyekonda tunamwonea huruma. Mnene tunamsifu kuwa amenawiri. Na dawa yenyewe inatuhadaa: deksamethasoni, itolewayo kuzuia kutapika, huamsha hamu ya kula huku ikila misuli.

Mwaka 2009 Carla Prado na wenzake nchini Kanada walichapisha matokeo ya wanawake 55 wenye saratani ya matiti iliyosambaa, waliotumia dawa ya saratani iitwayo kapesitabini. Karibu robo walikuwa na sakopenia. Kati ya hao, asilimia 50 walipata madhara makali ya dawa. Kwa wengine ilikuwa asilimia 20. Kwa wenye sakopenia ugonjwa ulisonga mbele baada ya siku 101 hivi, kwa wenzao baada ya 173. Kundi dogo, ni kweli. Lakini mwaka 2018 Bette Caan na wenzake huko Marekani walitazama wagonjwa 3,241 wa hatua ya 2 na ya 3: wenye sakopenia walikuwa asilimia 34, na hatari yao ya kufa ilizidi kwa asilimia 41.

Mpinzani atasema misuli inaisha kwa kuwa ugonjwa ni mkali, si kinyume chake. Hoja hiyo ina uzito, na tafiti za namna hii haziwezi kuimaliza. Hata hivyo njia moja inaonekana wazi. Dozi ikiuzidi mwili, chembe nyeupe za damu hushuka, duru ya matibabu huahirishwa, dozi inayofuata hupunguzwa. Gianni Bonadonna wa Milano alionyesha mwaka 1995, baada ya kuwafuatilia wagonjwa miaka 20, kwamba faida iliwaangukia waliopata angalau asilimia 85 ya dozi iliyopangwa. Kwa mama wa Olmotonyi, kuahirishwa kuna bei yake pia: hadi Arusha mjini, kisha kilomita 80 hivi hadi kituo cha saratani cha hospitali ya KCMC, Moshi, kilichofunguliwa 2016, na kurudi mikono mitupu.

Misuli ndiyo ingemsaidia kuibeba dozi, na hapo ndipo upendo wetu unapoharibu. Habari za ugonjwa zikienea, ndugu humpokonya ndoo, jembe na mzigo wa kuni: "Mama, wewe pumzika tu." Katika jaribio la mtafiti Kerry Courneya la mwaka 2007, lenye wanawake 242, waliofanya mazoezi ya kunyanyua uzito wakati wa matibabu walipata wastani wa asilimia 89.8 ya dozi iliyopangwa. Wasiopewa mazoezi, 84.1. Tofauti ni ndogo, ila mstari wa Bonadonna unapita katikati yake. (Simaanishi ndoo ya lita 20 siku ya pili baada ya dripu. Na saratani ikishaingia mifupani, mzigo waweza kuvunja mfupa.)

Kipimo cha nguvu ya misuli hakihitaji mashine. Kiti cha kawaida, si kigoda cha jikoni. Mikono imekunjwa kifuani. Inuka na kukaa mara tano. Wataalamu wa Ulaya waliweka mpaka wa sekunde 15. Muuguzi mwenye simu ataona mengi hata kabla ya saa kusimama: mara ya nne mkono unaponyoka kifuani kutafuta paja. Na aliyekwisha kupigwa CT-Scan ya tumbo, misuli ya usawa wa pingili ya tatu ya kiuno tayari imo pichani, imelipiwa, haijasomwa.

Aliyezidi sekunde hizo asikatiwe dozi kwa kubahatisha, maana ushahidi wa kufanya hivyo haujakomaa. Arudishwe mapema kupima damu, bakuli lake la loshoro, yaani mahindi na maziwa ya mgando, liongezewe mtindi na maharage, na nyumbani aachiwe nusu ya mzigo wake wa kuni.